Mtoto wa Chupa Nyumbani Kwetu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, wekeni simu chini kwanza. Mimi shule niliiacha darasa la tatu, lakini kuna jambo moja la damu nililielewa, na nitawaambia vile nililielewa.

Mke wa kijana wangu anatoka upande wa Chepilat, kwa Wakisii. Mama yake aliuawa na saratani ya damu. Daktari akasema ililetwa na kirusi ambacho mama humpa mtoto kwa kunyonyesha, kwa hivyo watoto wake wote wapimwe. Huyu wetu akapatikana nacho, na wakati huo tumbo lilikuwa limeshatangulia mbele.

Nikampeleka kliniki mwenyewe.

"Daktari, mpe dawa kitoke."

"Hakitoki, mama. Hiki si cha ukimwi, ni ndugu yake wa mbali. Kinaingia ndani ya chembe nyeupe za damu, wale askari wa mwili, kinajishona humo na kunyamaza. Askari wengine hawakioni."

"Kikinyamaza si kitakufa?"

"Mama, ile chai ya kloni unapanda kwa mbegu?"

"Nani amekudanganya? Unakata kijiti chenye jani moja, unakiweka kwa kitalu, kinakuwa mti sawasawa na mama yake."

"Basi ni hivyo. Askari huyo akijigawa, kila mtoto wake anazaliwa na kirusi ndani. Hakina haja ya kutoka nje kutafuta nyumba."

Kumbe kirusi nacho kina kitalu! Daktari akatuambia wengi huzeeka nacho bila kuugua. Ila mtoto asinyonye.

Hapo ndipo palipouma. Binti wa watu alirudi nyumbani kimya, na kimya hicho kikakaa.

Aliyekivunja ni wifi yangu. Alisikia neno "maziwa" tu, akaenda akamwaga mursik yote, yale maziwa yetu ya mgando, ambayo binti alikuwa ameitayarisha, kibuyu kizima, nyuma ya jikoni.

"Umemwaga maziwa yangu kwa nini?" nikamuuliza.

"Si mmesema kirusi kinapita kwa maziwa?"

"Ya mama! Ng'ombe wangu amepimwa lini, wewe?"

Binti akacheka mpaka akaketi chini kwenye majani. Wifi naye akacheka, huku mbwa wanalamba mursik kama wako arusi.

Mtoto alikuja msichana, mzito, sauti kama king'ora cha kiwanda. Chupa aliikamata kama mtu anayedai deni lake. Lakini kwetu mtoto akizaliwa, wamama huja kukaa na kuangalia anavyonyonya. Wakaja. Mmoja akaangalia chupa, akasema kwa sauti, "Wasichana wa siku hizi wanaogopa kifua kulala!"

Wakacheka. Binti akainamisha kichwa, na nikauona mkono wake unaenda kwenye kifungo cha blauzi. Aibu ilikuwa karibu kumnyonyesha yule mtoto.

Nikasimama.

"Msichana huyu atakunywa chupa mpaka aikatae mwenyewe. Mwenye swali aniulize mimi, asimuulize mama yake. Wewe baba mtoto, toka hapo mlangoni uchemshe maji. Wifi, osha chupa, na usimwage kitu. Nyinyi wengine wote, imbeni!"