Nilivyokwenda Tanga Kumtazama Zubeda

Tuliokuwepo ni hawa: mimi Mwanaidi; mjukuu wangu Zubeda, binti wa mwanangu Bakari; mwalimu wake wa mchezo, Mhina, Mbondei wa Muheza; na dada yangu Mwanahamisi wa Makorora, hapo mjini Tanga, aliyetulaza. Upande wa pili Agnes, Msambaa wa Lushoto, asiye na mkono wa kushoto, aliyekuja kushindana na Zubeda.

Ninyi wa hapa Moa mnajua, mguu wa Zubeda ulikauka angali mdogo, anatembea kwa gongo. Mpira wa meza alianzia uani kwangu, juu ya mlango wa jiko tulioulaza kwenye madebe. Akaja kuwa bingwa wa walemavu mkoa mzima, na mimi sijawahi kumwona akishindana. Safari hii mshindi mmoja tu angeingia timu ya taifa. Akaniambia, "Mke mwenzangu, njoo uone." Nikajifunga kanga.

Baada ya sala ya alfajiri tulipanda bodaboda mpaka barabara kuu, tukapata gari. Adhuhuri tuko Makorora. Zubeda wali hakuugusa.

Asubuhi ya pili, alipokwenda kuoga, nilikiona kitandani kibao chake cha kupigia mpira. Upande mmoja mwekundu, mmoja mweusi, mpira uliogandishwa juu yake umepauka kama kisigino. Nikachukua mafuta ya nazi ya Mwanahamisi, nikakisugua pande zote, nikakifuta, nikakitia mfukoni mwake. Nilidhani namsaidia.

Saa nne, ukumbini. Mwamuzi akapitisha kidole kwenye kibao, akakinusa.

"Hiki kimepakwa kitu. Hairuhusiwi."

"Mimi sijapaka," Zubeda akasema.

Nyuma yangu mtu akapaza sauti, "Hila hizo! Mtoeni!"

Mwalimu Mhina akamwendea mwamuzi. Mwamuzi akafungua daftari lake. Nikasimama.

"Mwanangu, ni mimi. Mafuta ya nazi. Nilikiona kimekauka."

Watu wakacheka. "Bibi, si ungekikaanga kabisa!"

Mwamuzi hakucheka. "Shikamoo, bibi. Atacheza, ila si kwa kibao hiki."

Cha akiba hatuna. Agnes akasogea. "Dada, chukua changu cha pili." Zubeda akakipokea. Mimi hakunitazama.

Seti mbili za mwanzo alipoteza, kibao kigeni, mipira inamruka. Kisha mkono ukazoea, akachukua mbili. Ya tano, gongo linalia sakafuni kila anapogeuka. Tisa kwa tisa. Mwanahamisi akanibana vidole hata nikahisi mifupa. Mpira wa Zubeda ukanasa wavuni. Kumi. Uliofuata ukapita meza. Kumi na moja kwa tisa, Agnes.

Alasiri tukarudi. Tuliposhuka njia panda ndipo nikathubutu.

"Nimekuponza, mjukuu wangu."

"Ule wa mwisho niliupiga vibaya mwenyewe, bibi. Si mafuta."

"Umenikasirikia?"

"Tangu asubuhi. Hasira zikiisha nitakwambia. Panda pikipiki."

Nilichojifunza: chombo cha mtu, hata ukikiona kimekauka, muulize mwenyewe. Tangu hapo Zubeda amecheza mara nyingi, ameshinda, mimi nikiwa nyumbani.

Kama nimekosea jina au hesabu ya seti, aliyekuwepo anisahihishe. Ila asije kuniambia si mafuta. Hilo Zubeda ameshaniambia, na bado sijamwamini.