Mbegu za Penina Zilizofia Ghalani

Jua ndiyo kwanza limechomoza, na moshi wa kuni za leleshwa umemtoa Penina machozi. Hashuki. Amesimama kwenye ngazi jikoni kwake, Nduruma, akifunga vichala vya mahindi ya mbegu darini, pale moshi unapopita.

Nje lori la ghala la Tengeru linanguruma. Jabiri, mfukizaji wa ghala hilo, anachungulia mlangoni.

"Mama Aika, amri inasema mahindi yote yaende ghalani, hata ya mbegu."

"Basi amri ije ilime yenyewe!"

Penina ni mpepetaji katika ghala hilohilo, anayetenga punje nzima na zilizotobolewa na fukusi. Dawa yao anaijua: magunia hufunikwa turubai, Jabiri akafungulia hewa ya sumu, kitambaa kibichi puani. Kinyago cha kuzuia sumu anacho bwana mkubwa wa ghala, Mwingereza, naye husimama mbali.

"Sisemi haiui," anasema Penina. "Inaua hata fukusi aliyejificha ndani ya punje. Moshi wangu humfukuza, na wengine hubaki. Mahindi ya ugali wachukue."

Ila mbegu ni jambo jingine. Mwaka jana, 1953, waliambiwa moshi ni uchafu wa kishenzi, kila nyumba iteremshe mbegu zake. Penina akatii. Akazipeleka zikiwa bado na unyevu, maana mbegu za darini humaliza kukauka hukohuko juu ya moto. Zikafukizwa pamoja na magunia ya kuuza, na sumu ikapenya kwenye unyevu ule ikaua kiini cha mbegu.

Masika ikanyesha vizuri. Shambani hakikuota kitu ila magugu, na watoto wa Nduruma wakala ndizi za kuomba kwa jamaa wa mlimani.

Bwana mkubwa alipoulizwa, alijibu, "Mmepanda vibaya," wala hakushuka garini kuutazama udongo. Kuwaambia hivyo wanawake waliokulia kwenye jembe!

"Angenitukana ningesahau," anasema Penina. "Lakini anifundishe mimi kufukia punje?"

Jabiri anakohoa, kisha anacheka. "Sasa nikamwambie nini, mama?"

"Mwambie ngazi imevunjika nikiwa huku juu, mbegu haziteremki."

Jabiri anabeba gunia la chakula na kuondoka. Mbegu zimebaki.

Penina na jirani yake Naipanoi wamekwisha kupatana. Masika ijayo watapanda mistari miwili kando ya barabara ya lori, mmoja mbegu za darini, mwingine za ghalani, kila apitaye aone.

"Na yote miwili," anasema Penina, akipangusa macho, "tutaipalilia sawasawa."