Raba Nilizozianika Ndani ya Bani la Tumbaku

Nimekosa, na sitaki mtu anipoze. Nimechoka kupozwa! Kila anayeingia hapa kwangu Mtendeni, Tabora mjini, kumwona mdogo wangu ananishika mkono: "Pole mama Elia, bahati mbaya." Bahati mbaya! Ingekuwa bahati mbaya nisingekuwa naandika haya huku nimeuma meno kwa hasira, na hasira yenyewe sina wa kumtupia ila mimi mwenyewe.

Mdogo wangu nitamwita Kabula, siyo jina lake. Ana miaka kumi na saba, anaishi na mama yetu Usinge, kwenye tumbaku. Huyu mtoto anakimbia. Siyo kukimbia kwa kujifurahisha, anakimbia mpaka watu wanaegemea majembe kumtazama. Hata mimi nilikimbia nikiwa sekondari, kisha nikapata mimba ya mwanangu Elia, na mbio zangu zikawa za kwenda kliniki na kurudi.

Nilikuwa na raba jozi mbili. Moja nyeusi, za mazoezi ya kila siku, ambazo Kabula naye alizivaa nikienda Usinge, nzito, fundi amezishona mpaka zina makovu. Nyingine za rangi ya chungwa, nyepesi, ukizishika unadhani umeshika mkate. Nilizitoa kwenye mitumba, niling'ang'ania mpaka muuzaji akacheka. Hizo zilikuwa za mashindano tu. Hazikanyagi barabara mpaka siku ya mbio. Sheria hiyo niliiweka mimi, na Kabula nilimfundisha mimi.

Msimu huu wa mvua mwalimu wake wa michezo alimpa habari. Kuna mbio za mchujo Tabora mjini, na msichana atakayekuwa wa kwanza anachukuliwa na shule yenye kambi ya michezo. Anasoma bure, anakula bure, mpaka kidato cha sita.

Sasa sikilizeni kilichokuwa nyuma yake. Kuna mwanamume wa Choma, mwenye ng'ombe, alikuwa ameshatuma wazee kwa mama kumposa Kabula. Mama aliwajibu kwa heshima, kisha akatuambia sisi, kavu kavu: "Akishinda atasoma. Akishindwa, siwezi kuwazungusha wazee wa watu."

Basi nilipofika Usinge kumsaidia mama kuchuma majani, nilibeba zile raba za chungwa, nikampa Kabula mbele ya mama na mjomba. "Ni zako. Siku ya mbio uzivae." Alilia. Akaziweka kwenye boksi, boksi akaliweka juu ya kabati, akawa anakwenda kulitazama kama mtu anayeangalia mtoto mchanga.

Siku sita kabla ya mbio, Kabula akiwa shule, mimi nilishusha lile boksi.

Kwa nini? Sijui niseme nini mnielewe. Nilitaka kujisikia tena! Nilitaka dakika ishirini tu za kuwa yule msichana wa zamani, siyo mama wa mtu wala mke wa mtu. Mtoto nikamwachia mama, nikazivaa, nikakimbia njia ya msituni. Mvua ikanikuta huko. Nilirudi raba zimejaa tope mpaka ndani.

Nilizifua haraka. Nje mvua haikatiki, na Kabula anarudi saa tisa. Nikalitazama bani.

Kwa asiyejua, bani ni kile kijumba cha kukaushia tumbaku. Majani yananing'inia juu kwenye vichanja, moto unachochewa nje, joto linapita chini kwenye mabomba. Siku za mwanzo moto ni mdogo, mpaka jani ligeuke njano. Baada ya hapo mlango unafungwa na moto unapandishwa, na hapo haufunguliwi tena mpaka jani likauke. Ukifungua joto linatoka, tumbaku inaharibika, na jasho la msimu mzima limekwenda. Watoto wa Usinge tunalijua hilo kabla ya kujua kusoma.

Mjomba ndiye aliyekuwa anachochea.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba! Mtu wa mjini umefuata nini huku? Utayeyusha nywele za watu hizo ulizosuka."

"Naota moto tu, mjomba. Baridi."

"Ota. Ila jani likishageuka nikafunga mlango huu, hata aje mkuu wa wilaya na gari lake, sifungui."

Alicheka, mimi nikacheka. Alipokwenda kuongeza magogo, nikaingia, nikazitundika raba kwenye msumari chini ya vichanja, karibu na bomba. Nilijiambia ni saa moja tu. Nikaenda kisimani.

Nilivyorudi, mlango umefungwa! Mjomba ameziba kingo zote kwa udongo, moto unanguruma. "Jani limeiva mapema," akaniambia, anajifuta uso, kafurahi. "Mwaka huu mama yako atacheka."

Nilifungua mdomo. Wallahi nilifungua mdomo, na mimi ni Mkristo! Nikaufunga.

Ningesema nini? Kwamba zawadi niliyompa mtoto mbele za watu nimekwenda kuichukua kwa nyuma? Ningemwambia mama avunje bani lake kwa ajili ya raba? Boksi nikalirudisha juu ya kabati, tupu. Kwa siku tatu Kabula alikuwa akilipapasa kwa nje na kutabasamu, kwa sababu alikuwa ameapa hatalifungua mpaka siku ya mbio. Mimi nilikuwa natazama moshi wa lile bani.

Siku ya kufungua nilikuwa wa kwanza mlangoni. Mama alishangaa: "Leo mama Elia anashusha tumbaku? Mvua ya mawe itanyesha." Niliingia mwenyewe, nikazitoa chini ya kanga.

Zilikuwa zimesinyaa. Soli imekuwa ngumu kama kipande cha muhogo mkavu, na ukingoni imeachia, kidole changu kilipita. Na harufu! Zilinuka tumbaku hasa.

Hapo bado nilikuwa na nafasi, jamani. Siku mbili nzima! Badala yake nilinunua gundi dukani, nikabandika, nikafuta futa, nikamwagia poda ya mtoto kuua harufu, nikarudisha kwenye boksi. Ukizitazama zilikuwa nzuri kuliko mwanzo. Hilo ndilo linanitia wazimu. Zilikuwa nzuri!

Tukapanda treni kuja Tabora. Njia nzima Kabula amepakata boksi, mimi nimempakata Elia.

Asubuhi ya mbio alizivaa pale mstarini. Akasimama, akaruka ruka, akanikunjia uso.

"Dada, mbona zinabana?"

"Zimelala muda mrefu. Zikipata joto zitaachia."

"Na zinanukia poda."

"Elia huyo, anashika kila kitu."

Akatazama miguu yangu. Nilikuwa nimevaa zile nyeusi. "Basi nipe zako. Hizo nimezizoea tangu zamani."

Hapa ndipo nilipommaliza mdogo wangu huku nacheka. Ilikuwa kuinama tu! Kufungua kamba mbili! Lakini nilijua tukibadilishana mimi nitabaki na zile za chungwa mkononi, mwalimu wake atazishika, atakunja soli, ataniuliza. Nikamwambia: "Hizi mbovu? Unataka kuchekwa? Angalia wenzako walivyovaa."

Akacheka. "Haya bwana, kocha ni wewe."

Njia yao ilikuwa ile ya Kwihara, kwenda na kurudi. Ile ile barabara ya misafara ya zamani. Mababu zetu Wanyamwezi walipita hapo peku, pembe za ndovu mabegani, wakafika pwani na wakarudi. Mdogo wangu nilimvisha raba mimi, nikashindwa kumrudisha.

Nilisimama karibu na kalavati, mahali wanaposhuka kurudi. Aliyetokea wa kwanza alikuwa Kabula. Peke yake! Nyuma yake hakuna mtu, vumbi halionekani. Watu wakaanza kupiga vigelegele, na mimi nikapiga, nikasema moyoni Mungu amenisamehe.

Kisha nikaiona soli. Mguu wa kulia, mbele, imefunguka kama mdomo, inapiga chini kwa kila hatua. Pa. Pa. Pa. Nikamwita, "Vua! Kabula, vua!" Vigelegele vilinifunika. Kwenye mteremko soli ilikunjika chini ya mguu, akaenda mbele, na ule mguu ukabaki nyuma. Nilisikia mlio. Nilikuwa hatua kumi kutoka kwake na niliusikia.

Hospitali wakasema mshipa mkubwa wa kisigino umekatika. Wakamfunga hogo, ile plasta ngumu, mpaka gotini. Daktari akasema atatembea. Kabula akauliza, "Kukimbia je?" Daktari akaangalia karatasi yake.

Tangu siku ile yuko hapa kwangu. Raba za chungwa nilizitupa chooni. Aliulizwa na mwalimu, aliulizwa na mama, wote akawajibu: nilikanyaga jiwe. Mimi nikawa nasema, ndiyo, jiwe.

Wiki iliyopita mama alipiga simu. Wale wazee wa Choma wamerudi. Mama aliwaeleza habari za mguu, nikadhani watakwenda zao. Wakamjibu mguu utapona, na wao hawatafuti wa kukimbia. Wanakuja tumbaku ikishauzwa.

Nilimweleza Kabula. Alikuwa anakwangua hogo lake kwa kijiti. Hakuinua kichwa.

"Dada," akasema, "poda haiui harufu ya bani. Nimezaliwa kwenye bani mimi."

"Ulijua? Ulijua pale mstarini?"

"Niliisikia harufu. Nikasema labda. Kisha nikasema hapana, dada yangu hawezi."

Akaendelea kukwangua.

Basi ninyi mnaosoma, msiniambie "ni viatu tu." Kama umeharibu kitu cha mtu, mwambie kabla hajakivaa, kabla hajakipanda, kabla hajakitumainia. Mwambie akutukane! Akupige! Matusi yangeisha jioni ile ile na mtoto angekimbia na raba nyeusi. Mama yangu nitamwambia mwenyewe kabla wazee hawajafika, hata kama atanifukuza, na hao wazee watapita juu yangu kwanza. Nimeanza na ninyi kwa sababu mdomo wangu umezoea kujifunga.

Kabula hajanigombeza. Hata neno moja! Ila kila asubuhi nikifungua mlango wa chumba changu nazikuta zile raba nyeusi kizingitini, zimefutwa, kamba zimelegezwa tayari kwa mguu. Na yeye amekaa ukumbini na hogo lake, ananitazama.

"Vaa, dada. Nenda ukakimbie."