Mashimo Kumi Nyuma ya Nyumba ya Ta Kaiza

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, nilitoka nyumbani na mzigo wa miche ya migomba kichwani, nikicheka peke yangu njiani. Nilikuwa nampelekea adui yangu zawadi. Ungeniona ungesema kijana huyu kweli ameokoka. Ngoja nikueleze nilichokuwa nimebeba.

Jirani yetu huko Muleba alikuwa mzee Ta Kaiza. Baba yangu alipofariki, mzee huyo aling'oa mimea ya mpaka, ile tunayoiita omulamula, akaisogeza hatua tatu ndani ya kibanja chetu, shamba letu la migomba. Hakuomba, hakueleza. Nilikuwa ndiyo kwanza nimeoa, damu inachemka, na kwa miaka miwili sikumwamkia hata kanisani, ingawa tulikaa benchi moja.

Kisha fukusi, wale wadudu wanaotoboa mashina, wakaingia kwenye migomba yake. Ikawa inaanguka hata kwa upepo mdogo, mpaka watoto wake wakawa wanakula muhogo mchana na jioni. Nawe unajua Mhaya asiyepata ndizi husema hajala. Kwetu fukusi hawakupata nafasi, kwa sababu baba alijifunza kwa wataalamu wa kilimo wa Maruku kumenya miche na kuichovya kwenye maji ya moto kabla ya kupanda.

Siku hiyo Mama akaniambia, "Mpelekee Kaiza miche kumi."

"Na zile hatua tatu, Mama?"

"Nimekuuliza habari ya mpaka? Watoto hawali mpaka."

Nikatii kwa mikono, moyo ukabaki nyumbani. Nikachimba miche kumi ya embile. Embile ni ndizi ya pombe, mwanangu, haifai kupikwa, na nyumbani kwa Ta Kaiza walikuwa Walutheri wa kweli kweli, pombe haikuvuka kizingiti. Nikaikata majani, nikaimenya ikawa myeupe, isitambulike.

Ta Kaiza akaipokea kwa mikono miwili, akaniletea kahawa ya kutafuna kama mgeni wa heshima, akasema kwa heshima ya Kihaya, "Waitu, Mungu akubariki." Nilirudi najisifu kwamba nimemkomoa, na Biblia nimeitimiza. Ujana una mambo!

Lakini mgomba hukua. Miezi ikapita, na Jumapili moja Mama, akitoka kanisani, akaiona ile miche kwa Ta Kaiza imefika kimo cha mtu, ina madoa meusi ya embile. Alikuja akakaa jikoni bila kuvua kitenge chake cha ibada. Tangu tumzike baba sikuwa nimemwona akilia. Siku ile alilia.

"Nilikutuma chakula," akasema, "wewe ukapeleka dhihaka. Bora ungebaki na hasira yako. Hasira haijiiti upendo."

Yaliniuma kuliko fimbo. Nikaenda kwenye mashina yaliyo karibu na nyumba, yale yanayopata majivu ya jikoni, nikachimba miche kumi ya enshakala, ndizi tamu kuliko zote tulizokuwa nazo. Nikamenya, nikachovya, nikabeba. Safari hii sikucheka.

"Ta Kaiza," nikamwambia, "ile ya kwanza nilikuletea makusudi."

Akacheka mpaka akashika mlango. "Mhaya gani atashika embile asiijue? Niliipanda ili nisikuaibishe mbele za watu. Njoo huku."

Akanipeleka nyuma ya nyumba. Palikuwa na mashimo kumi, yamejazwa samadi na kufunikwa nyasi.

"Niliyachimba siku ileile ulipoondoka," akasema. "Nikajua mtoto wa mama yule atarudi tu. Kila Jumamosi naongeza samadi, na ninakuombea."

Tukapanda pamoja, mzee na kijana, matope hadi viwikoni, na kabla ya shimo la tatu nami nilikuwa nacheka. Mwaka uliofuata watoto wake walikula ndizi. Na mtoto wangu wa kwanza alipobatizwa, Ta Kaiza alikamua zile embile, akatuletea juisi kabla haijachacha. Mchungaji mwenyewe aliomba aongezewe. Mama alicheza siku hiyo mpaka kilemba kikamdondoka.

Zile hatua tatu hakuzirudisha, sitakudanganya. Mpaka uko palepale hadi leo, na wajukuu zetu wanauruka wakicheza.

Basi sikia, mwanangu, wewe uliyemfungia mwenzako kwenye simu na unajiona umetulia. Ukitaka kumpa adui yako kitu, mpe kile ambacho ungempa mama yako. Usimpe cha kumkomoa ukakiita sadaka. Wala usijione wewe ndiye mwema unayesamehe. Mimi nilidhani neno la Bwana Yesu la kuwapenda adui zetu niliachiwa mimi peke yangu. Kumbe Ta Kaiza naye alikuwa na adui wa kumpenda, na adui huyo alikuwa mimi.

Mungu akupe jirani atakayekungoja ukikosea, akupe na moyo wa kumngoja yeye. Kibanja chako kizae, na mlango wako usikose wa kuugonga. Amina.