Uso wa Zilia Ukutani

Mabwana wetu wa mji wa Ferrara, Italia, ukoo wa Este, hawakuchoka kujenga wala kupamba. Leo jumba, kesho kanisa. Wengine tuliguna. Pellegrino mpiga lipu hakuguna, maana kuta za mabwana ndizo zilizomlisha, na lipu yake ndiyo iliyokuwa fahari yake pekee duniani.

Mkewe, Zilia, alifariki akimzaa binti yao, Taddea. Watu wa kwetu hatuchorwi. Tukifa, sura zetu huzikwa nasi. Lakini Zilia, akiwa mjamzito, alimpelekea mumewe chakula kazini, mchoraji Nascimbene akamwona, akamchora kwenye ukuta wa ukumbi wa jumba, miongoni mwa wanawake wafumaji. Basi Taddea akakua akimjua mama yake pale ukutani. Kila sikukuu mlinzi alimruhusu kuingia, akamsimulia mama umbea wote wa mtaa.

Sasa, sura ukutani kwa mabwana ni kama cheo: hupewa mtu, akanyang'anywa. Taddea alipokuwa mwali, bwana wa mji alipata kipenzi kipya, na mke wa kipenzi naye akatamani kuchorwa.

"Kichwa kimoja tu, Pellegrino," msimamizi wa jumba alisema, akimwonyesha Zilia ukutani. "Piga lipu mpya, Nascimbene achore ikiwa mbichi."

"Mbona huyu, bwana? Wafumaji si wako tele?"

"Huyu ndiye aliyekaa mahali pazuri. Una neno?"

Ningekuwa mimi, ningemrushia mwiko! Pellegrino akasema, "Sina."

Lipu mpya haishiki ukuta laini. Sharti kwanza ile ya zamani ichimbwechimbwe kwa patasi. Pellegrino akaiweka patasi kwenye shavu la mkewe. Mkono ukakataa. Akaiweka kwenye paji. Ukakataa tena. Basi akaitandaza lipu juu ya uso mzima, taratibu, kama amfunikaye shuka mtu aliyelala. Alijua wazi kwamba siku ikibainika, hatapewa hata banda la nguruwe kulipiga lipu.

Habari zikafika nyumbani kabla yake.

"Baba, umemfuta mama? Kwa mikono yako mwenyewe?"

Pellegrino akainama kuosha mwiko wake. Angesemaje? Mdomo wa Taddea haukuwa na mlango. Angejua yeye, ungejua mji.

"Si ungekataa! Si ungejifanya mgonjwa!"

Tangu hapo alimtilia baba yake maharagwe bila kumtazama. Kisha siku moja akaanza kufunga nguo zake, aende kwa shangazi yake Modena, asirudi. Pellegrino akaogopa kuliko alivyowahi kumwogopa bwana yeyote.

"Kabla hujaenda, mwanangu, njoo nami."

Ukumbini Taddea hakutaka hata kumtazama yule bibi mgeni ukutani. Baba akamshika mkono.

"Gonga hapa pembeni."

Ukuta ukatoa sauti nzito.

"Haya, mgonge na bibi."

Sauti ikatoka tupu, kama ya mtungi usio na maji. Taddea, binti wa mpiga lipu, hakuhitaji kuelezwa.

"Baba! Haijashika! Hukumchimba mama?"

"Sikuweza."

"Lakini itabanduka hii!"

"Itabanduka. Labda wakati huo utakuwa na wajukuu. Mimi sitakuwapo."

"Na watu watasema Pellegrino hakuijua kazi yake."

"Wacha waseme," akajibu.

Taddea akamkumbatia pale pale, akalia kwa sauti, mpaka mlinzi akaja kuuliza kuna msiba gani.