Wageni wa Bibi

Wiki iliyopita dada alinipikia makande ya mahindi mabichi, na ule mvuke ukanirudisha Vudee, jikoni kwa bibi. Alasiri moja ya utotoni ukungu ulikuwa umeshuka hadi mlangoni, na chungu kilitokota taratibu. Juu ya meko yalining'inia mahindi manono kuliko yote, meusi kwa moshi.

"Bibi, mbona yale hatuyali?"

"Yale ni ya wageni, mjukuu wangu. Watakuja mwakani, wakiwa na njaa."

Niliwachukia kimyakimya wageni hao, walafi nisiowajua.

Sasa bibi hayupo, ila dada bado anapanda mbegu ile ambayo bibi alikuwa akiihifadhi kwa moshi. Nilimaliza sahani ile ya makande, nikaomba nyingine, na hapo ndipo nilipowatambua wale wageni.