Bastola ya Mitumba

Niliinunua Soko la Toi, kwenye meza ya mama aliyeuza mitumba ya michezo: raketi zisizo na nyuzi, viatu vya kuteleza kwenye barafu ambayo Nairobi haijawahi kuiona. Ilikuwa bastola ya kuanzishia mbio, ile isiyopiga risasi, kazi yake mlio na moshi tu. Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya Lindi, hapa Kibera, na nilikuwa nimechoka na filimbi ambayo kila mtoto aliisikia kwa wakati wake. Walimu wenzangu waliicheka. Chuma chake kilikuwa chepesi kama kifuniko cha sufuria, na mshikio wa plastiki ulikuwa umeanza kupasuka. Mwalimu wa hesabu alisema haitafika Krismasi. Nikamwambia aangalie yeye asije akaondoka kabla yake.

Polisi walinizungusha weee mpaka nikapata kibali, halafu kazi ikaanza, na sikuibembeleza. Kila jioni mazoezi, na Jumamosi shule jirani zinakuja kuiazima. Imelia kwenye vumbi, imelia kwenye manyunyu, na kuna siku ilianguka mtaroni, tukaiosha, tukaianika, na kabla jua halijazama ikalia tena. Mshikio ulipopasuka kabisa niliufunga kwa mpira wa tyubu ya baiskeli. Springi ilipokatika, fundi wa miavuli alinitafutia nyingine. Krismasi zilikuja zikaenda, mwalimu wa hesabu akahamia shule nyingine, bastola ikabaki. Naipenda, sioni haya kusema. Nimenunua vitu vya bei kubwa vilivyonikosea adabu mapema zaidi.

Majirani ndio ilibidi wafundishwe. Kwetu mlio wa bunduki una maana yake: mlango unafungwa, watu wanalala chini, maswali baadaye. Kwa hiyo kabla ya mazoezi tulipita plot kwa plot tukitangaza, "Ni michezo! Ni ticha!" Baadaye walizoea, hata wengine wakawa wanasikia mlio ndipo wanateleka chai.

Kisha ikaja wiki ya maandamano, na milio ya kweli. Shule ilifungwa. Tuliporudi nilifyatua kama kawaida, na wote wakakimbia isipokuwa msichana mmoja, yule mwenye mbio kuliko wote. Alikuwa amelala kifudifudi kwenye mstari, mikono kichwani. Hakuna aliyecheka.

Mashindano yalikuwa yanakaribia, na shule moja ya bweni ilikuwa imeahidi kumsomesha bure msichana atakayeshinda mita mia nne. Mama yake alikuwa anauza omena, wale dagaa wa ziwani, na njia yao ya kufika sekondari ilikuwa hiyo tu. Nilimpa msichana ile bastola aizoee. Akawa ndiye anayeisafisha, kwa mswaki na mafuta ya cherehani, kisha akaanza kuwafyatulia wenzake. Lakini akirudi mstarini, siku nyingine alikimbia, siku nyingine alilala. Zoezi la mwisho kabisa alilala. Nilimwinua, nikampangusa vumbi, na moyoni niliogopa sana.

Fainali ilikuwa Kawangware. Waandaaji walikuwa na bastola mpya kutoka dukani, yenye sanduku lake na sponji ndani. Ililia vizuri asubuhi, na msichana wangu alipona kwenye mchujo, ingawa alichelewa kuondoka. Wasichana wa fainali walipopanga mstari, ikasema tik. Mwanzishaji akaitikisa, akavuta tena. Tik. Akauliza kama kuna mwalimu mwenye bastola nyingine, au watumie filimbi. Wote waliowahi kuiazima yangu wakanigeukia.

Filimbi! Filimbi ingemwokoa. Miaka yote ile nilijivunia kwamba bastola yangu haiugui, na siku hiyo nilitamani iwe mgonjwa. Nilifungua mdomo niseme baruti zimeisha.

"Ticha, wapee," msichana akaita kutoka mstarini. "Hiyo yetu haikataangi. Si nimeisafisha mwenyewe asubuhi?"

Nikaitoa kwenye mkoba, nikampelekea mwanzishaji. Aliutazama ule mpira wa tyubu kwa dharau. Niliporudi mahali pangu nilimkuta mama yake msichana ndiyo kwanza anafika, jasho linamtoka, aproni ya biashara bado kiunoni. Saa za mazoezi huwa yuko sokoni, kwa hiyo hakuwahi kuyaona. Nilikuwa na mawazo mengi, nikasahau kumwambia kitu tunachomwambia kila mtu.

Bastola ikalia, kavu na kubwa, kama siku niliyoitoa Toi. Mama alishuka chini papo hapo, akanivuta sketi nami nikaanguka kando yake. Hatukuona mstari, tuliona miguu ya watu tu.

"Ticha," akaninong'oneza, shavu kwenye nyasi, "mtoto wangu amelala?"

Niliinuka kwa magoti kabla ya kumjibu, na machozi yakanitoka.

"Hajalala, mama. Ni sisi tu tumelala. Simama umwone."

Alisimama polepole, akinishika bega, kisha akaanza kupiga kelele kwa Kijaluo, kwa sababu binti yake alikuwa anaingia kona ya mwisho na mbele yake hakukuwa na mtu.